Simiti Iliyokataa Kushika

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyoolewa, mwanangu, nayo ni siku ile nyuki walipotua juu ya simiti. Sogea karibu uvute hilo blanketi, maana haya ninayokuambia hayana raha na sitayasema mara mbili. Watu hudhani sisi wazee tunapenda kusimulia ya zamani. Haya siyapendi. Nakuambia kwa sababu umeoa juzi, na nimekuona ukimficha mke wako kitu kidogo huku ukicheka.

Tulikuwa tunakaa kwenye shamba la Kaburu mmoja, upande wa Moiben, siku zile mji wa Eldoret tukiuita Sisibo na mwanamume hatembei bila kipande, zile karatasi zake za kazi, kuning'inia shingoni. Mume wangu alikuwa Arap Lelei. Wewe hukumwona, alikufa kabla hujazaliwa. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kunyamaza, lakini ukimpa mwiko na karai ya simiti alikuwa anaongea kwa mikono. Kazi hiyo alifundishwa na Kalasinga mmoja mjini, fundi mzee aliyekuwa hataki hata chai ikaribie mahali simiti inapochanganywa. "Sukari inaua simiti," alikuwa akiwaambia vijana wake, na Arap Lelei alinisimulia hayo tukicheka, tukisema huyo mzee ni mchoyo tu wa chai. Kwa hiyo nilijua. Hilo uliweke akilini tangu mwanzo, kwamba nilijua.

Memsabu wa shamba alikuwa na jiko kubwa la chuma la kuni, na ukuta wa mbao nyuma yake ulikuwa umeungua na kulowa mafuta mpaka ukawa mweusi tii. Akaona kwenye gazeti la kwao picha ya jikoni ambako ukuta umefunikwa vibao vya simiti vyenye maua, unavifuta kwa kitambaa vinang'aa. Akamwita Arap Lelei, akamwonyesha. Alitaka vibao kumi na sita, na mchoro alitaka uwe wa zabibu, matunda na majani yake.

Sisi zabibu tungezijulia wapi? Arap Lelei alirudi nyumbani na ile picha, akaiweka mezani, akaniuliza ni kitu gani.

"Mimi naona kama mavi ya mbuzi," nikamwambia.

"Nyamaza wewe!" akasema, lakini alicheka mpaka akashika ubavu. "Memsabu akisikia atatufukuza."

Basi akaanza kuchonga. Kila kibao kilihitaji kalibu, yaani kisanduku kifupi cha mbao ambacho ndani yake umechonga mchoro kinyume, pale tunda linapotokeza wewe unachimba shimo. Unapaka mafuta ya ng'ombe ndani simiti isigandie, unamimina, unagonga kando kwa nyundo polepole ili hewa itoke, unafunika na gunia la maji na kusubiri. Huko kwetu baridi ni kali, kwa hiyo simiti inachelewa kukauka. Yeye alikuwa anaipa siku tatu kabla ya kupindua. Alichonga kalibu kumi na mbili, jioni baada ya jioni, muda wa miezi miwili. Zote zilifanana kabisa.

Sasa nikuambie kwa nini kazi hiyo haikuwa mchezo. Bwana wa shamba alikuwa ameanza kupunguza watu. Alisema maskwota, yaani sisi tuliokaa kwenye shamba lake, wamezidi na ng'ombe wetu wanamaliza majani yake, majani ambayo babu yangu alichungia mifugo kabla babu yake huyo bwana hajajua njia ya kuja huku. Familia tano zilikuwa zimeshaambiwa zihame. Lakini Arap Lelei alipewa neno: ukuta wa jikoni ukimalizika vizuri kabla binti wa Bwana hajaolewa, atabaki kama fundi wa shamba, na nyumba yetu itabaki, na ng'ombe wetu wanne. Usipomalizika, tuondoke na wengine.

Vibao vinne vya kwanza vilitoka vizuri mno. Alipopindua kalibu ya kwanza, kibao kilianguka kwenye majani makavu kizima, zabibu zote zimetokeza, hata mishipa ya majani ilionekana. Memsabu alipitisha vidole juu yake, akasema, "Muzuri, fundi, muzuri sana." Siku hiyo Arap Lelei alirudi nyumbani akipiga mluzi. Sikuwa nimewahi kumsikia akipiga mluzi, na sikumsikia tena.

Vikabaki kumi na viwili, na simiti iliyobaki ilitosha hivyo tu. Akaamua kuvimimina vyote siku moja. Kazi yangu ilikuwa maji.

Mto ulikuwa chini bondeni, na mimi nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ya kwanza. Pipa letu lilikuwa limetoboka. Ningeweza kumwambia, akaliziba au akaazima lingine kwa ustaarabu, lakini vijana tuna haraka, na haraka haina baraka. Nyuma ya zizi la maziwa kulikuwa na pipa zuri la Mzee Koros, mkamuaji mkuu wa shamba. Mwenyewe alikuwa ameenda joshoni na ng'ombe. Nikaliviringisha mpaka kwetu bila kuomba. Lilikuwa pipa la molasi, ile shira nyeusi ya miwa wanayonyunyizia majani makavu ng'ombe wapate hamu ya kula wakati wa kiangazi. Nililisuuza mara mbili kwa maji ya mto, na maji ya mto asubuhi huko kwetu ni barafu tupu. Chini kulibaki weusi umeganda. Nikajiambia ni kutu. Nikajaza maji ndoo kwa ndoo, mgongo ukiniuma, yakakaa juani mpaka kesho yake saa sita, Arap Lelei alipokuja kuchota na kuchanganya.

Siku iliyofuata nikaenda kumwagia magunia maji. Nikakuta nyuki. Hawakuwa wawili watatu; walikuwa wamejaa juu ya magunia, wanatembeatembea, wananyonya. Mimi ni binti wa watu wa mizinga, najua nyuki hafuati simiti. Nikainua gunia, nikagusa ile simiti. Ilikuwa laini bado kama uji uliolala. Nikaweka kidole ulimini, nikaonja utamu.

Nilisimama pale sijui muda gani. Arusi ya binti wa Bwana ilikuwa imebakiza siku tisa. Kama ningekimbia wakati ule kumwambia, angekwangua kalibu zake, angeenda Sisibo kwa miguu kumwangukia mwalimu wake ampe simiti, na muda ungetosha. Nilizihesabu zile siku kwa vidole, mwanangu, nikaona zinatosha. Halafu nikafukuza nyuki kwa tawi, nikarudisha pipa, nikaenda kupika.

Utaniuliza, ulimwogopa? Hapana. Arap Lelei hakuwa mtu wa kupiga. Ningekuwa na mume mkali leo ningekuwa na kisingizio. Niliona haya tu. Alikuwa amenisifu kwa wenzake kwamba mke wake ana kichwa, na sikutaka kuonekana mjinga. Nikajidanganya kwamba labda itashika tu, ni baridi.

Mzee Koros aligundua jioni hiyo hiyo. Alikuja mpaka mlangoni, mume wangu hayupo, akasimama na fimbo yake.

"Mama, nani alichukua hiyo pipa yangu?"

"Ni mimi, Mzee. Nilikuwa nateka maji ya simiti."

Akaegemea fimbo yake. Alikuwa mzee wa kuona mambo mengi kwenye mashamba ya watu. "Uliosha na maji moto?"

"Na baridi."

"Basi sikia, msichana wangu. Mwambie bwana yako leo, kabla hii jua haijaingia. Leo hiyo neno unaweza kubeba. Kesho itakuwa mzito kukushinda."

"Nitamwambia, Mzee."

"Mimi siwezi kusema. Hiyo ni neno ya wewe na yeye. Lakini nimekuambia."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi lililovunjika halikuwa guu langu. Arap Lelei alirudi, akala, akaniuliza kama mtoto anacheza tumboni. Nikasema anacheza.

Siku ya tatu alibonyeza simiti, ikabonyea. Akasema ni baridi. Siku ya tano ikabonyea tena. Kila asubuhi alikuwa anaamka mapema kuigusa, na kila asubuhi nilimwangalia kwa nyuma nikisema moyoni, leo nitamwambia. Siku ya saba hakuwa na namna tena, akapindua. Kibao cha kwanza kilianguka vipande. Cha pili kikawa unga unga, na zabibu zake zikabaki ndani ya mashimo ya kalibu. Alipindua vyote kumi na viwili, kimoja kimoja, bila haraka, hata baada ya kujua. Kisha akakaa chini katikati ya ule uchafu akaangalia mikono yake.

"Maji ulitoa wapi?" akaniuliza.

"Mtoni," nikasema.

Na ilikuwa kweli, mwanangu! Nilikuwa nimeyateka mtoni kwa mikono yangu. Sijui uongo gani ni mchafu kuliko huo wa kutumia ukweli.

Akatikisa kichwa. "Basi ni mchanga. Nilichimba kona mpya, niliona ule wa zamani uko mbali. Ni mimi. Nilikuwa mvivu." Akaondoka akaenda kumwambia Bwana hivyo hivyo, kwamba kosa ni la mkono wake. Mzee Koros alinikuta njiani nikilia. Hakunigombeza. Aliniangalia tu, akapita.

Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Ningepata bahati gani, kama yale maji yangemwagika!

Tulihama na wale wengine. Ng'ombe wawili tuliwauza kwa bei ya kutupa, wawili wakafia njiani. Bwana alikuwa ameandika maneno kwenye karatasi za Arap Lelei, na karani mmoja huko Timboroa, tulikohamia, akatusomea: huyu si fundi, asipewe kazi ya ujenzi. Nilidhani atakataa, atajitetea. Akasema, "Ni kweli," akachukua shoka. Miaka yote iliyobaki alikata miti msituni, kwenye baridi ile inayoingia mpaka kwenye mifupa. Chebet wetu alizaliwa huko, na baada yake wengine.

Mwiko wake tulikuwa nao. Ulikuwa mwiko mzuri, alizawadiwa na mwalimu wake. Alinipa nichotee majivu. Kila asubuhi nimechota majivu ya jiko langu kwa mwiko wa fundi, na sikuwahi kuuliza nimlaumu nani. Watu wa kanisa walipojenga nyumba ya Mungu walimwomba awapigie plasta ukuta, bure, kwa jina la Bwana Yesu. Aliwaambia, "Tafuteni mtu mwingine. Simiti ilinikataa." Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na kikapu cha viazi.

Unafikiri muda unapunguza? Mzee Koros alisema kweli. Mwaka wa kwanza lile neno lilikuwa kubwa. Mwaka wa kumi, ningelisema, angeuliza kwa nini sikulisema mwaka wa kwanza, na hilo sikuwa na jibu lake. Kadiri nilivyonyamaza ndivyo nilivyozidi kuwa na kitu cha kunyamazia.

Kifua kilimmaliza. Mwisho alikuwa hawezi kulala chali, tukawa tunamwegemeza ukutani. Asubuhi moja watoto wametoka kukama, akanishika mkono.

"Mama Chebet."

"Niko."

"Nimefikiria sana. Ule mchanga ulikuwa na nini?"

Hapakuwa na mtu mwingine ndani. Hapakuwa na shamba la kupoteza tena, wala ng'ombe, wala jina. Lilibaki neno moja tu la kumrudishia mikono yake, na nilikuwa nalo mdomoni, na yeye ananiangalia.

"Sijui," nikasema.

Akasema, "Haya." Siku ya tatu tukamzika.

Wachache wanaojua hunifariji kwamba sikutaka kumchoma mtu anayekufa. Wanafikiri ilikuwa huruma. Niliogopa tu, kama siku ile ya nyuki. Nimeungama kanisani, mchungaji ameniombea, akasema nimesamehewa. Huenda Mungu amenisamehe. Lakini aliyedhulumiwa hakupewa hata nafasi ya kukasirika, na hilo siwezi kulitengeneza.

Sasa shika nasaha yangu. Sikuambii usikosee, utakosea, na mke wako atakosea. Pipa lile lilikuwa kosa la siku moja, lingetugombanisha jioni na kusahaulika kabla ya mavuno. Nakuambia hivi: kosa usilolisema halikai bila mwenyewe. Litatafuta mtu wa kulibeba, na kwa kawaida halimchukui mjanja, linamchukua yule mwema anayekaa karibu nawe, yule ambaye yuko tayari kusema ni mimi. Atalibeba mpaka kaburini akidhani ni lake. Kwa hiyo ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kwa aibu yako yote, hata kama sauti inatetemeka. Usingoje upate maneno mazuri. Mimi niliyangoja.

Nenda sasa, mke wako anakungoja. Mungu abariki nyumba yako, ukuta wake na watu wake. Akupe ulimi mwepesi pale wangu ulipokuwa mzito, na siku utakayokuwa tayari kusema, akukutanishe na huyo mtu wako angali anasikia.