Barua Niliyomsomea Mzee wa Magamba

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Magamba kwamba mzee mmoja, mkulima wa kabeji niliyefahamiana naye miaka mingi, amefariki. Alasiri tulimzika katika shamba la mpwa wake, kando ya barabara. Mwenyewe alitaka alale shambani kwake, karibu na kaburi la mkewe. Hakulazwa huko, na sababu ni mimi.

Huku kwetu milimani, mtu akimaliza kidato cha nne anageuka mkalimani wa kijiji kizima. Sijafundisha hata siku moja, lakini waliniita mwalimu nami nikaitika. Siku moja mzee huyo aliniletea barua ya Kiingereza kutoka mradi mmoja wa kuhifadhi msitu. Ilieleza mpaka mpya, na mwenye pingamizi alipewa mwezi mmoja. Katikati palikuwa na neno “encompass”. Kiingereza kina maneno ya kukizunguka kitu kwa nje, na kina mengine ya kukimeza pamoja na vyote vilivyomo. Sikujua lile liko kundi gani. Lakini sebuleni walikuwapo wageni wawili, wote wakinitazama mdomo.

“Mwalimu, shamba langu limepona?” aliuliza.

Nikabahatisha. “Msitu unakuzunguka tu, kaka. Wewe unabaki katikati kama kiini cha yai.”

Akacheka. “Afadhali. Mama watoto angefufuka anigombeze.”

Mwezi ukapita bila pingamizi. Vigingi vya mpaka vilipokuja, kumbe neno lile lilikuwa la kumeza: shamba lote lilihesabiwa kuwa msitu, kaburi likiwamo, na hakuna aliyeruhusiwa tena kulima wala kuzika humo. Nilimwendea, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwonyesha kwenye barua neno lililotuponza.

“Siku ile neno hili ulilijua?” aliuliza.

“Sikulijua, kaka.”

“Ungesema tu. Ningeshuka Lushoto nikaulize. Ni mwendo wa saa moja.”

Hakunitukana, wala hakunishtaki kwa wazee. Aliendelea kuniitikia salamu kila tulipokutana sokoni, ila hakuniletea tena karatasi yoyote, hata cheti cha kliniki cha mjukuu wake.

Nchi yetu bado inaandika mambo mazito kwa lugha ambayo wengi wanaoguswa nayo hawaisomi, na hilo ni kosa la wakubwa. Lakini siku ile hakuna mkubwa aliyenilazimisha kufungua mdomo. Niliona haya kusema sijui mbele ya wageni wawili, ambao leo hata sura zao sizikumbuki. Msomaji, ukiletewa karatasi usiyoielewa, irudishe mikononi mwa mwenyewe angali ana muda wa kuuliza kwingine.