Vidonda vya Mume Wangu

Mume wangu hakula kitunguu kilichoonekana. Kisichoonekana alikula bila kujua, kwa sababu nilikisaga pamoja na nyanya nikakichuja kwa kichujio cha chai. Maharagwe hakula kwa ajili ya maganda. Omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa na macho. Mrenda, mboga iliyotulea sisi watu wa Magharibi mwa Kenya, yeye mwenyewe akiwemo, aliuita makamasi, tena mezani, mbele ya mama yangu. Wali haukuruhusiwa kugusana na mchuzi, kwa hivyo mwanamume mzima wa tai na mkoba wa ofisi alipakuliwa katika sahani mbili.

Tulikuwa tumepanga nyumba Kitengela, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, wakati mji ulikuwa vumbi, mabati na mbuzi wa watu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Jioni nilirudi nikawasha majiko mawili, moja la chakula na moja la bwana. Watoto walikula ugali na sukuma wakaenda kulala. Yeye alibaki akigeuzageuza nyama kwa uma akitafuta mafuta, kama polisi anayepekua gari. Alipoyapata alinionyesha tu, kisha akasukuma sahani.

Huko nje upuuzi huu ulikuwa na jina la heshima. Uliitwa ulcers. Hakuna daktari aliyewahi kuviona vidonda hivyo, lakini kila harusi na kila matanga yalivijua. Alishika tumbo, akasema, "Niko na ulcers," na akina mama wa kanisa wakamwonea huruma wakamkaangia mayai. Ajabu ya vidonda vyake ni kwamba havikuwahi kukataa kitu kilichokaangwa. Mimi nilisimama kando nikitabasamu kama mke mwema, na moyoni nilikuwa nimemchoka.

Halafu ndugu yangu mdogo, aliyekuwa fundi wa mabomba mjini Kajiado, akapendana na msichana wa Kimaasai kutoka Mashuuru. Baba yetu alikuwa ameshafariki, na baba zetu wadogo walikataa katakata kusafiri. Walisema hawaendi kuposa kwa watu wanaokunywa damu. Basi mume wangu ndiye aliyebaki kuwa msemaji wetu. Baba wa msichana alikuwa na wasiwasi mmoja, na alikuwa ameusema wazi, kwamba watu wa mbali wangemdharau binti yake. Ndugu yangu alikuja hadi Kitengela kunisihi.

"Dada, mwambie shemeji akule tu, hata kidogo. Huyo mzee akiona chakula yake imekataliwa, hapo mambo imeisha."

Nilimfikishia mume wangu maneno hayo. Hakuinua hata macho kwenye gazeti.

"Kwa hivyo nikufe ndio ndugu yako aoe?"

Siku ya safari aliniagiza nimchemshie mayai. Tulipofika Isinya aliomba gari tuliloazima lisimame, akayala akiwa amesimama kando ya barabara, koti lake zuri limejaa maganda. Tukamchukua ndugu yangu Kajiado, tukaingia barabara ya vumbi hadi Mashuuru.

Tulipokewa vizuri. "Sopa," walitusalimu, tukaitikia, tukaketishwa sebuleni. Mama mwenye nyumba akaleta maziwa kwenye kibuyu, yale yenye harufu ya moshi, akaanza kummiminia mume wangu kwa sababu ndiye mgeni mkubwa. Alikitazama kikombe. Akashika tumbo.

"Pole mama, mimi siwezi. Niko na ulcers."

Mama yule alikirudisha kikombe polepole. Msichana alikuwa mlangoni. Nilimwona akimtazama ndugu yangu, na ndugu yangu akitazama viatu vyake. Nilitamani kummiminia mume wangu maziwa yale kichwani.

"Hiyo ulcers ni nini?" mzee, baba wa msichana, akauliza.

"Ni vidonda kwa tumbo, mzee," ndugu yangu akamweleza.

Mzee akainuka, uso umemng'aa. "Sasa mbona hukusema tangu mlango? Hiyo tunajua. Hiyo iko na dawa."

Akatoka mwenyewe, akarudi na jagi. Ilikuwa supu ya mbuzi, iliyochemshwa tangu asubuhi pamoja na mizizi na magome ya miti, nyekundunyekundu, mafuta yakielea juu kidole kizima. Akajaza kikombe cha bati hadi pomoni, akampa mume wangu kwa mikono miwili, na hakurudi kuketi. Wanaume wengine wawili wa boma wakaja kusimama nyuma yake kuona mgonjwa akipona.

Niliketi mkabala naye. Nilimjua. Nilikuwa nikingoja asukume kikombe, na posa ya ndugu yangu iondoke nacho.

Akanywa. Alikunywa kikombe chote, mafuta, magome na kila kitu, akafuta mdomo kwa kiganja.

"Ashe oleng, mzee," akashukuru kwa Kimaa, adabu zote.

"Ongeza," mzee akasema, na akaongezwa, akanywa cha pili. Baada ya hapo alitafuna mbavu zilizoletwa pamoja na mafuta yake. Mazungumzo yakaenda vizuri. Kabla hatujaondoka mzee alimwita ndugu yangu mwanangu, na binti yake akakimbilia jikoni akilia kwa furaha.

Nilifurahi kwa ajili ya ndugu yangu, furaha ya kweli. Lakini njiani kurudi nilikuwa nikimtazama mtu huyu pembeni yangu na kukumbuka miaka yote ya kumchujia nyanya. Kumbe koo lake halikuwa na shida yoyote. Mbele ya mzee wa watu aliona haya mara moja. Mimi hakuwahi kunionea haya hata siku moja.

Tulipopita Isinya alijinyoosha kitini, ameshiba.

"Lakini hiyo supu ilikuwa tamu," akasema. "Mama watoto, mbona wewe hujawahi kunipikia kitu kama hiyo?"

Nilifika nyumbani, nikapika mrenda na ugali kwa ajili yangu na watoto, tukala, nikaosha vyombo. Alipokuja jikoni kuuliza chake kiko wapi, nilimwambia kiko Mashuuru, kulekule alikotoka.