Viazi Vyangu vya Mbegu Mahakamani

Nilikuwa na kibali cha kuingiza viazi vya mbegu kutoka Zambia, pamoja na cheti cha afya ya mimea. Hata hivyo ofisa wa forodha mpakani alizuia magunia yangu, eti muhuri wa kibali umefifia.

"Mama, mbegu hizi zimezuiliwa kisheria," aliniambia.

"Zimezuiliwa kwa asiye na kibali," nikamjibu. Hakunisikiliza, nikafungua kesi Sumbawanga.

Kesi iliahirishwa mara nne kwa sababu ofisa hakufika, nami kila mara nilikuwa nimetoka kijijini kwangu Mwazye alfajiri. Siku alipofika, hakimu alikisoma kibali changu, akamuuliza, "Tatizo hasa ni nini?" Ofisa akarudia yaleyale ya muhuri. Hakimu akaamuru nipewe mzigo wangu siku hiyohiyo.

Kwenye ghala la forodha, harufu ilinipokea mlangoni. Viazi vyote vilikuwa vimeoza, maji meusi yakichuruzika sakafuni. Ofisa akaninyooshea fomu bila hata kuniangalia.

"Saini hapa, mama, kwamba umepokea mzigo ukiwa salama."

Nikachukua kalamu yake, nikaandika kwa herufi kubwa zilizojaza fomu nzima: VIMEOZA. Kisha nikasaini, nikadai nakala, nikarudi nayo kwa hakimu.