Mto Haugeuzwi

Mwaka 2002, mji wa Kindu, mashariki ya Kongo, ulipozingirwa vitani na mihogo ikaoza mashambani kwa kukosa wa kuthubutu kuing'oa, Sofia alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake, mzee Kalume, alikuwa karani wa reli. Treni haikuwa imefika kwa muda mrefu, lakini mzee aliendelea kwenda stesheni kila asubuhi, shati limepigwa pasi, akarudi na fomu za mizigo ambazo hazikuwa na mizigo. Sofia alichora nyuma ya fomu hizo. Karatasi nyingine hazikupatikana.

Kaka yake, Zuberi, alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto. Asubuhi moja ya Septemba watu wanne wenye bunduki walipanda mtumbwini, wakamwamuru asivuke, ashuke na maji. Sofia alikuwa ukingoni na ndoo. Pale mto Lualaba huenda kaskazini, kuelekea Ubundu, na siku hiyo haukuwa na haraka. Kwa hiyo alipata muda mrefu wa kumwona kaka yake akipungua. Kwanza ulipotea uso, halafu mikono, halafu kafi. Ikabaki nukta nyeusi, na nukta nayo ikaingia kwenye mng'ao wa maji.

Alichora kupungua huko katika fomu arobaini. Alipozishika pamoja na kuziachia kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine, Zuberi alikwenda. Kisha, bila kufikiri, akaziachia kuanzia mwisho. Nukta ikawa mtumbwi, mtumbwi ukapata mtu. Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake. Alimpokonya bunda lote.

"Usimurudishe mutoto wangu na karatasi," alisema. "Kama anarudi, atarudi na miguu yake."

Hakurudi.

Vita vilipotulia, watu walimshauri Sofia ajifunze ushonaji au uuguzi, kazi ambazo mtu anaweza kuwaeleza mashemeji. Yeye alitaka kuchezesha picha, michoro itembee kama zile fomu. Alisomea kompyuta mwaka mmoja na nusu, akaacha siku mwalimu alipokiri mbele ya darasa kwamba programu aliyokuwa akiifundisha hajawahi kuiona. Alinunua kompyuta iliyotumika kutoka kwa mfanyabiashara wa Kalima, kibodi haina herufi mbili, akajifunza kwa masomo ya intaneti katika lugha alizozielewa nusu. Alifuata mkono wa mwalimu, si maneno yake.

Walimu hao walibonyeza mara moja tu, mashine ikafanya kazi saa nzima na kutoa filamu kamili. Umeme wa Kindu haukuwa na subira hiyo. Mara tatu kazi yote ilipotea. Mara ya nne aliiamuru mashine itoe picha moja moja, kila moja na namba yake. Umeme ukikatika kwenye picha ya mia mbili na kumi, kesho anaanzia mia mbili na kumi na moja. Miaka mingi baadaye alisoma mahali kwamba mabingwa nao hufanya hivyo. Alicheka peke yake.

Kazi zilikuja polepole: majina ya maharusi yanayochanua, picha za marehemu zinazosogea taratibu kwenye skrini ya matanga, tangazo la duka la mabati. Mjomba wake Moussa hakuchoka.

"Sofia, watoto ya wenzako ndio wanacheza. Weye mukubwa mzima ungali unacheza?"

"Mimi nachezesha, mujomba. Keti, nitakuchezesha na weye."

Mwaka jana bwana Henri, mkurugenzi wa televisheni moja ya mjini, alimwita atengeneze jenerike, zile sekunde chache zinazotangulia habari za jioni. Siku zote zilitoka Kinshasa: dunia inayozunguka, maghorofa ya vioo. Sofia alikuwa ameisubiri kazi hiyo kwa miaka kumi na mitano. Akiipata, hakuna ambaye angemwuliza tena anafanya kazi gani.

Alichora ramani ya Maniema, kaskazini juu kama ramani zote, na mto ukiwaka kutoka chini, ukipita Kindu, ukipanda hadi juu ya skrini. Ndani ya maji aliweka mtumbwi mmoja na mtu mmoja, ukienda ukipungua hadi nukta.

Henri aliitazama mara mbili, fundi wake Mike akiwa kwenye mashine.

"Dada Sofia, ni muzuri. Lakini muto inapanda."

"Inapanda kwa skrini, mukubwa. Kwa nchi yenyewe inashuka, inaenda kaskazini."

"Nani atajua? Watu ya Kinshasa watasema Kindu hata maji haijui njia. Geuza tu. Ni kitu kidogo."

"Sigeuzi."

"Kuko kijana kule, siku mbili anamaliza."

"Na atakuletea muto ya kwao."

Mike alicheka, akajifanya anakohoa. Henri akamgeukia. "Weye unacheka? Iendeshe kinyume, tuone."

Mike akabonyeza. Maji yakageuka. Mtumbwi ukaja mgongo mbele, kafi likivuta maji vibaya. Nukta ikawa mtu, mtu akakua. Sofia alinyoosha mkono akazima skrini.

"Ulimuona huyo? Anaitwa Zuberi. Ni kaka yangu. Alienda na maji, hakurudi. Mama anaangaliaka habari yenu kila siku. Hautamurudishia mutoto kila jioni, kisha umunyang'anye."

Henri aliiangalia skrini iliyozimwa. "Kwa nini haukusema mwanzo?"

"Kwa sababu hata kama Zuberi hakuzaliwa, muto inaenda kulekule."

Alichomoa flashi yake, akaaga vizuri, akaondoka. Njiani hakugeuka.

Kijana wa Kinshasa alileta yake: maghorofa, na mto unaoteremka vizuri kutoka juu hadi chini. Victorine, msomaji wa habari, aliitazama akavua miwani. "Mimi nilizaliwa Alunguli," alisema. "Sisomi habari mbele ya hii muto. Tafuta mwingine." Wiki ya tatu Mike alibisha mlangoni kwa Sofia. "Mukubwa anasema ulete, bila kugeuza."

"Na jina langu?"

"Na jina yako."

Jioni ya kwanza jenerike ya Sofia ilipita kwenye televisheni, kisha kwenye simu za watu hadi mbali. Kabla Victorine hajamaliza habari, simu ya Henri ililia. Alikuwa rafiki yake wa zamani, kutoka Kinshasa, akicheka kwamba mto wa Kindu unapanda. Henri alimsikiliza hadi mwisho.

"Kuya huku Kindu," alimjibu. "Ingia ndani ya maji, uachilie mikono. Utaniambia umefika wapi."

Akakata simu.