Pilipili Niliyoifunika Kanga

Katikati ya miaka ya tisini mama mkwe wangu aliugua homa ndefu. Alipopona, ulimi wake ulikataa kila kitu. Nampikia wali wa Ifakara, unaonukia mpaka barabarani. Anakula matonge mawili, anasukuma sahani. Mashavu yalibonyea. Niliogopa atanifia mikononi, hapa Lipangalala, na mawifi waseme nilimnyima chakula.

"Ningepata pilipili ya unga," alisema siku moja. "Ile ya kijijini kwetu, Mbingu."

Pilipili tu? Nikanunua nyekundu zilizoiva, nikazitandaza kwenye ungo jikoni, nikazifunika kanga safi zisishike moshi. Zilipokauka nikatwanga huku machozi yakinitiririka. Mama mkwe alichota kidogo kwa vidole viwili, akanusa kabla ya kuonja, akarudisha.

"Asante, mwanangu. Inawasha."

Kuwasha si ndiyo kazi yake? Hapo udadisi ukanishika. Mara ya pili nikazikaanga kwanza. Mara ya tatu nikazianika juu ya bati, kanga ile ile juu yake. Kila mara alinusa, akashukuru, akaacha. Nikaanza kunusa na mimi, kila unga wa sokoni, mpaka wauzaji wakanicheka. Zote zilinipigisha chafya, basi.

Mwishowe nikaenda Mbingu kwa dada yake. Baada ya shikamoo nikaomba kuliona jiko. Juu ya moto kulikuwa na uchanja wa kukaushia kambale, na chini ya samaki, wazi kabisa, pilipili. Mafuta yalizidondokea. Nikanusa: moshi, samaki, na utamu fulani kwa mbali, kama wa ukoko. Nikacheka peke yangu. Kumbe kanga yangu ndiyo iliyokuwa ikiifukuza harufu niliyoitafuta.

Nikarudi, nikatengeneza uchanja. Unga ulipokuwa tayari, mama mkwe alinusa, akafumba macho.

"Umeacha kufunika," alisema.

"Kumbe ulijua, mama?"

"Nilikuwa nakuona."

"Mbona hukuniambia?"

"Jiko ni lako. Mimi nilipoolewa, mama mkwe wangu alinielekeza mpaka namna ya kushika mwiko. Niliapa sitamfanyia mtu hivyo."

Akavuta sahani, akala mpaka akaikomba. Mimi nilibaki nimesimama, mwiko mkononi, nina hasira na ninampenda, huyu mwanamke aliyekuwa radhi akonde mradi jiko libaki langu.