Kuagwa Mara Mbili na Kurudi na Tumbo

Mimba yangu ya pili niliihesabu kwa foleni. Mwaka ule mgao wa chakula hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, ulikuwa bado nafaka, si pesa ya kwenye simu, na kila niliporudi kutoka kupanga mstari nilichora alama ya mkaa nyuma ya mlango. Mgao mmoja, mwezi mmoja. Kalenda tulikuwa nayo, ya kanisa, yenye picha ya maporomoko ya maji, ila ilikuwa ya mwaka juzi na mume wangu alikataa kuitoa kwa ajili ya picha. Mimi niliamini mkaa.

Nilikuwa na sababu ya kuhesabu. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa upasuaji mjini Mbarara, baada ya mimi kushinda na uchungu nyumbani na kukesha nao, huku mvua imeigeuza barabara kuwa shamba la mpunga. Tulifika tumechelewa. Mtoto alitoka kimya, akalia baada ya muda ambao mpaka leo sipendi kuufikiria. Sasa ana miaka minne na anakula kama nzige, lakini daktari aliniachia onyo: mimba nyingine ikija, uchungu usinikute Nakivale, kwa sababu kovu la ndani likichanika tunaweza kuondoka wote wawili. Niende Mbarara wiki mbili kabla, ningoje karibu na hospitali. Niliogopa. Naliandika neno hilo wazi kwa sababu watu wa sokoni wanadhani silijui.

Sokoni nauza ndagala, wale dagaa wakavu. Meza inayotazamana na yangu ni ya mama mmoja wa Baraka, na mimi ni wa Uvira, miji jirani kule Kongo, na hilo peke yake lingetosha kutugombanisha. Kila asubuhi, kabla hata ya salamu, aliniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viazi:

"Jirani, hizo ndagala zako zilikufaka mwaka gani?"

Nami nilimjibu: "Zilikufaka ile siku uliolewa. Zilikufa na huruma ya bwana yako."

Wateja walicheka, wakakaribia, tukauza. Ukweli ni kwamba ndagala zake na zangu zilitoka gunia moja. Tulinunua pamoja kwa mchuuzi mmoja na kugawana kwa bakuli, na hazikuwa hata za Tanganyika yetu bali za ziwa la huku Uganda. Lakini ugomvi ni ugomvi. Kwa miaka mitatu sikumwacha hata siku moja bila jibu lake.

Basi alama zilipofika tisa nikatangaza safari. Nesi wa zahanati yetu alikuwa ameshapapasa tumbo langu na kuguna, akasema naona kama bado dogo, una hakika na siku zako? Nilimwambia tumbo ni langu na hesabu ni yangu. Akaandika nilichomwambia. Ni mwanamke mwenye busara, anajua wagonjwa wa kubishana nao na wa kuwaacha dunia iwafunze.

Wamama wa kanisa walinifanyia ibada ya kuniaga. Mchungaji aliomba mpaka nikatamani kuketi. Aliomba kwa ajili ya barabara, madaktari, visu vya madaktari, na umeme wa Mbarara usikatike. Nilipewa kitenge, unga wa uji wa sosoma, na kuku wawili ambao hawangeweza kusafiri. Jirani yangu wa meza alileta mfuko wa ndagala, akaniambia nile huko nijue ladha ya ndagala ya kweli. Kwaya ilinisindikiza mpaka kituoni na beseni langu la kujifungulia likiwa mbele kama sanduku la agano: nailoni nyeusi, glavu, nyembe, pamba, uzi wa kitovu, na nguo tatu za mtoto. Nililia. Walilia. Ilikuwa safari nzuri sana, kasoro mtoto tu ambaye hakuwa na taarifa.

Mbarara nilifikia kwa mke wa askari anayekaa jirani na barakisi, kambi ya jeshi. Tulifahamiana wodini wakati wa mtoto wa kwanza, vitanda vikitazamana, kila mmoja akilia kwa lugha ya kwao. Chumba chake ni kimoja, moyo wake ni nyumba nzima. Mumewe alikuwa kazini mbali, hivyo tulilala kitanda kimoja, sisi wawili na tumbo, na tumbo ndilo lililopata nafasi kubwa. Kila siku alinitembeza ili uchungu uje. Nilitembea mpaka Ruharo na kurudi, mpaka vijana wa bodaboda wakaacha kuniita abiria wakaanza kuniuliza habari za mtoto.

Siku yangu ikafika. Ikapita. Ikafuata nyingine.

"Banange," alisema mwenyeji wangu akilitazama tumbo, "huyu mtoto nangojea karatasi kwanza. Hapana taka kuzaliwa bila kitambulisho."

Tukaenda hospitali. Mkunga alinipima kwa utepe, akasikiliza, akapima tena.

"Mama, hii siku yako wewe nahesabu namna gani?"

"Kwa mgao," nikasema.

Alikunja utepe wake. Kisha akaniambia kwa upole kwamba mtoto ni mzima, amekaa vizuri, na bado ana kama mwezi mmoja. Nikambishia. Nilimweleza kuhusu mkaa. Akaita mwenzake aje asikie.

Mwezi mzima kitandani kwa mtu sikuuweza. Nikarudi Nakivale na kitenge changu, beseni langu na tumbo langu, yote matatu kama yalivyoondoka. Watoto walikimbia nyuma yangu, na wamama wakatoka milangoni wakijifuta mikono.

"Mutoto iko wapi?"

"Iko fasi yake."

Mama aliyenipa mmoja wa wale kuku aliuliza kama kuku wake yuko salama. Mume wangu, ambaye alimla na kijana wetu siku ya tatu ya safari yangu, alimwambia yuko mikononi mwa Mungu. Na sokoni kesho yake, jirani yangu hakuanza na ndagala.

"Ulimupeleka kuona muji, halafu mukarudi?"

"Ndiyo," nikasema. "Alikuwa anatafuta fasi haina harufu ya ndagala yako."

Jioni mama mkwe, tunayekaa naye, alifunga mlango, akakaa kwenye kigoda, akaanza kusoma alama zangu moja moja kwa mwiko wa ugali. Ni mama asiyejua kusoma, lakini hakuna mgao anaousahau. Alipofika kwenye ya tano na ya sita akasimama.

"Huyu ilikuwa siku ya mahindi," akasema. "Na huyu ilikuwa siku ya mafuta, ile yalichelewa. Mwezi ni ule ule. Mutoto wangu, ulizala mwezi ku mulango."

Nilikumbuka. Mwezi ule mafuta ya kupikia yalikuja baada ya nafaka, tukapanga mstari mara mbili, na mimi, kwa hasira za kusimama juani, nilichora mara mbili. Hakuna mwanamke mwingine duniani aliyerefushiwa mimba na mafuta ya kupikia. Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge changu kipya.

Safari ya pili ilianzia kanisani. Wiki mbili baadaye, katikati ya mahubiri, maumivu yalinibana kiunoni nikasimama nimeshika benchi na kutoa mguno mkubwa. Kanisa zima likaitikia amina. Niliguna tena, mchungaji akapandisha sauti, na ilichukua mguno wa tatu ndipo mama mkwe alipowaambia kuwa huyu hajashukiwa na Roho, huyu anashikwa na uchungu. Safari hii maombi yalikuwa mafupi. Waimbaji walionisindikiza walikuwa wawili, na mmoja alikuwa anaelekea njia hiyohiyo. Maumivu yalinifuata mpaka Kabingo. Tulipofika Masha yalikuwa yamekwisha kabisa na nilikuwa nasikia njaa.

Hata hivyo mkunga alisema sasa siku zimekaribia kweli, nisitoke mjini. Ningetii. Lakini siku ya pili mume wa mwenyeji wangu alitokea mlangoni na begi lake la kijeshi, amepewa ruhusa ya siku tano, hajamwona mkewe kwa miezi mingi. Alinisalimia kwa heshima, akatazama kitanda, akatazama tumbo. Mwenyeji wangu alisema, "Kaa tu, sisi tutabanana." Nami nina adabu zangu. Nilisema nitarudi baada ya siku tano, nikapanda gari la kurudi.

Sasa nifike kwenye ujinga wangu, maana yote ya kabla yake yalikuwa bahati mbaya.

Siku ya tatu tangu nirudi, asubuhi ya soko, uchungu ulinishika nikiwa mezani napanga mafungu. Ulikuja, ukaenda, ukarudi. Nilijua. Mwanamke aliyeshazaa anajua. Lakini nilimfikiria mchungaji akiinua mikono kwa mara ya tatu, nikaona watoto wakinikimbilia tena, nikasikia "mutoto iko wapi" ya kila mlango. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi uchungu wangu niliufunga kwa kitenge na kuendelea kuuza. Nilijiambia ukipita saa sita ndipo nitasema, na ulipopita saa sita nikajiambia ngoja wateja wapungue. Aibu ilinizidi kuliko lile kovu nililoliogopa miezi yote.

Asubuhi nzima jirani yangu alikuwa na foleni ya wateja hata hakupata nafasi yangu. Wakapungua. Akajinyoosha mgongo, akanitazama, akanitupia lile la kila siku:

"Jirani, hizo ndagala zako zilikufaka mwaka gani?"

Nilifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Nilishika ukingo wa meza, nikatazama chini kwenye samaki.

Alirudia, kwa sauti ndogo zaidi. Nilitikisa kichwa tu.

Yule mama alipindua bakuli lake la kupimia, akafunika meza yake na yangu kwa turubai moja, akaruka mtaro uliotutenganisha. "Huyu anazala!" alipiga kelele. "Huyu ni ya kweli! Hajanijibu!" Na soko zima, ambalo lisingeniamini mimi hata kwa kiapo, lilimwamini yeye, kwa sababu kila mtu pale alijua kwamba mimi kushindwa kumjibu ni jambo la hospitali. Mmoja alikimbilia kwa mume wangu, mwingine beseni. Yeye alisimama katikati ya barabara mbele ya pikapu ya nyanya inayoelekea Mbarara. Dereva alisema habebi wagonjwa. Sitaandika alichoambiwa. Alishuka mwenyewe akapanga makreti ili tupate nafasi, na mume wangu alipofika anahema akapanda nyuma juu ya nyanya.

Mbele tulikaa mimi na yeye, beseni magotini pake. Njia nzima alikuwa akinichokoza. Ndagala zako zina ndevu. Ndagala zako zina wajukuu. Alikuwa akinitazama usoni baada ya kila moja, akingoja. Nilitaka kumjibu, Mungu anajua, nilikuwa na majibu mazuri, lakini kila pumzi ilikuwa na kazi nyingine. Masha tulikuta ng'ombe wa pembe ndefu wametanda barabarani. Alishuka akawatukana ng'ombe na mchungaji wao kwa Kiswahili cha Baraka, ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekielewa, na wote wakapisha.

Baada ya Masha maumivu yalibadilika. Hayakuwa tena ya kuja na kwenda. Palichoma mahali pamoja, penye kovu. Nikamwambia. Aliacha kunichokoza, akanishika mkono, akaanza kuomba kwa sauti ya chini, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa kuwa sikuwahi kumsikia akisema jambo kwa sauti ya chini.

Hospitali walinipokea mbiombio. Nakumbuka taa, na mtu akisema kovu, na mtu akiniambia nihesabu. Kuhesabu tena! Nilifika tatu.

Nilipoamka ilikuwa jioni, jua bado liko dirishani. Mdomo ulikuwa mkavu na tumbo langu halikuwepo. Mume wangu alikuwa amesimama ukutani na nyanya kwenye suruali, analia bila kujificha. Kwenye kiti alikaa jirani yangu na kifurushi kifuani, kimefungwa kwa kitenge chake cha sokoni. Kilikuwa kinalia. Alikiinamisha, nikaona uso mdogo uliokunjamana kwa hasira, msichana, na nilipomnusa kichwani alikuwa ananuka ndagala.

Daktari alikuwa ameshawaeleza kwamba kovu lilikuwa limeanza kuachia. Ilibaki nusu saa tu lichanike lote, alisema. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule jirani yangu hakuniambia habari za daktari. Alinitazama tu, macho mekundu, akauliza:

"Jirani, hizo ndagala zako zilikufaka mwaka gani?"

Nikaulamba mdomo wangu mkavu.

"Ile siku," nikasema, "uliolewa."

Akamweka mtoto kifuani pangu, akakaa sakafuni, akalia kwa sauti mpaka manesi wakaja kumwuliza amefiwa na nani.