Saa Moja ya Bure

Mkataba wa intaneti wa Noreen Ackroyd ulipokaribia kwisha, alipiga simu kwenye kampuni ili aongeze miaka miwili. Noreen alikuwa mpishi mstaafu wa shule huko Todmorden, Uingereza, mjane wa miaka sabini na minne, na hakuwa mtu wa kubabaishwa na vijana wa kampuni za simu. Huyu aliyempokea lakini alikuwa mpole. Alimaliza habari za intaneti haraka, kisha akauliza upande wa simu ya mezani anataka mpango gani: alipie kila dakika, apige bure jioni na wikendi kama zamani, au apige bure wakati wowote.

"Naona miezi saba hujapiga hata simu moja, mama. Ningekuwa wewe ningeufuta tu huo mpango."

Miezi saba ndiyo iliyopita tangu amzike Avril, mdogo wake.

Kwa miaka ishirini, kila Jumamosi baada ya chai, alimpigia Avril kule Whitby pwani, alikoishi peke yake ghorofa ya tatu. Mpango ule wa jioni na wikendi una masharti yake: kila simu, saa moja ya kwanza ni bure, ikizidi unalipa. Basi watu hukata kabla saa haijatimia na kupiga upya. Noreen alikuwa bingwa wa mchezo huo. Aliweka saa ya kupimia mayai yanapochemka kando ya simu, na ikikaribia kulia, hata kama Avril yuko katikati ya kusimulia msiba wa jirani, alikatwa. Avril alizoea kumtania kwamba hata kiyama kikifika, dada yake atakiambia kisubiri apige tena.

Jumamosi moja ya Februari Avril alizungukazunguka sana. Alisema goti linamsumbua, akasema jengo lao halina lifti, kisha sauti ikashuka, saa ikiwa karibu kulia.

"Dada, kuna jambo nilitaka kukuomba."

"Weka simu kwanza. Nakupigia sasa hivi."

Haikuchukua hata nusu dakika. Lakini alipopiga tena, Avril alisema si kitu, akahamia kwenye habari za mapazia, na Noreen hakumdadisi. Wiki tatu baadaye Avril alianguka kwenye ngazi akiwa na mfuko wa viazi, na hakuamka tena.

Lorna, binti wa Avril, ndiye aliyemweleza siku ya mazishi, ameshika sahani ya sandwichi, bila kupandisha sauti: mama alitaka kukuomba aje aishi kwako, ukamwambia aweke simu. Tangu siku hiyo hawakusemezana.

"Mama, bado upo?" kijana akauliza.

Noreen akamwambia ampe mpango wa wakati wowote. Kijana akamkumbusha kwamba hata huo una mwisho wa saa moja, na kwamba utaanza baada ya siku kumi. Noreen akajibu kwamba anayajua hayo kuliko yeye.

Siku kumi hakuzingoja. Ilikuwa Jumanne, saa tano asubuhi, wakati wa kulipia, ambao maisha yake yote hakuwahi kumpigia mtu kwa maongezi. Akampigia Lorna.

"Ni mama mkubwa. Nimepiga nikuambie kwamba ningemkubali. Angemaliza lile neno lake ningemwambia njoo. Ile saa ndiyo iliyoniponza, mwanangu."

Lorna akamjibu.

"Chumba chako cha nyuma ni kitupu tangu baba mkubwa afariki. Na goti la mama ulikuwa unalijua. Ulikuwa unangoja nini mpaka akuombe?"

Noreen hakuisingizia saa tena. Jumamosi ile, aliposikia mdogo wake anasema anataka kumwomba jambo, alijua vizuri ni jambo gani, na alifurahi kupata sababu ya kukata.